Uso wa Baba Mkwe Nilioutazama Mara Moja

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sikufungiwa, ni kwamba huko nje hakujawahi kunivutia sana. Akina mama wa kikundi chetu hapa Ndandalo wakipanga kwenda ziwani, ambako si mbali, mimi ndiye niliyekuwa nasema nabaki kuangalia kokoa isinyeshewe. Hata jua likiwa linawaka. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapata cheti ambacho mama yangu alikitia kwenye fremu, na mchwa wakakisoma kuliko mwajiri yeyote. Nikaolewa, nikazaa watatu. Nikawa na migomba yangu, kokoa ya kukausha, mpunga wa kupeta, na mkeka nyuma ya mlango wa sebule pale upepo unapopita. Kama kungekuwa na zawadi ya mwanamke aliyekaa nyumbani kuliko wote Kyela ningeishinda, ila nisingeenda kuichukua.

Wenzangu wameniomba niandike kwa sababu wapo kati yetu ambao tangu mafuriko yale hawalali vizuri. Wananiuliza hiyo tiba ya macho ni kitu gani, inauma, unapoteza fahamu, unatoka ukiwa mtu yule yule? Mara mbili nimejaribu kuwaeleza kwa mdomo, na mara zote mbili nimefanya mzaha nikakimbilia jikoni. Kwenye karatasi jiko liko mbali kidogo.

Nianze na baba mkwe wangu.

Sisi Wanyakyusa tuna jambo linaitwa kutila. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hamgusi, hali naye, hataji jina lake. Na yeye vilevile anamkwepa. Siku hizi familia nyingi zimeacha, utakuta baba mkwe na mke wa mwanawe wanagombania rimoti. Kwetu haikuachwa, na nisimsingizie mtu, hakuna aliyenilazimisha. Niliona ni heshima. Tena ilinifaa, maana mtu asiyeruhusiwa kukutazama hawezi kukuuliza kwa nini ndizi zimeungua.

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wetu. Akitaka kupita alikohoa mara moja, kikohozi kikavu, kama mtu anayebisha hodi. Nikikisikia nageuka, najifunika kitenge, au nazunguka nyuma ya jiko. Chakula chake nilikipeleka kwa mikono ya watoto. Kwa miaka kumi na minane nilimjua kwa kikohozi, kwa viatu vya mvua vya kijani, na kwa visigino. Visigino vyake ningevichagua kati ya mia. Uso sikuujua. Najua tu alinipenda, kwa sababu migomba yake ikizaa, mkungu wa kwanza aliuweka nyuma ya jiko langu, akakohoa, akaenda zake.

Siku ile mvua ilikuwa inanyesha kwa siku ya tatu. Mume wangu, Baba Lugano, alikuwa amekwenda Ipinda kukoboa mpunga. Watoto walikuwa shuleni, na shule iko juu, namshukuru Mungu kwa aliyechagua kiwanja kile. Nyumbani tulibaki wawili, mimi upande wangu na mzee upande wake.

Kama saa sita mchana nilisikia kitu kama lori linashuka mlimani. Nilitoka kuangalia lori. Lilikuwa ni maji. Mto ulikuwa umeacha njia yake na unakuja kupitia kwenye migomba, mwekundu, na migomba inalala chini bila kelele. Sijui kuogelea. Nyuma ya jiko palikuwa na kichanja cha kukaushia kokoa, nguzo zake nene, kimeegemea ukuta wa tofali za kuchoma. Nilipanda hapo. Maji yalifika kwenye nguzo, yakapanda, yakanifikia vifundoni, kisha magotini. Kokoa yote ikaelea ikaondoka. Ninakumbuka nilisikitikia kokoa. Mtu anaweza kuwa anakufa na bado anasikitikia kokoa.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Mzee alikuwa anavuka uwanja, maji yakiwa kifuani. Alikuwa anakuja kwenye kichanja kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Na kabla hajafika, katika maji yale, alikohoa ili nijue anakuja.

Nami nikageuka. Sikufikiri. Nilivuta kitenge changu cha juu, nikajifunika kichwa, nikatazama ukuta wa jiko. Nilizitazama zile tofali kama mtu anayesubiri apite.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Pumzi mbili, tatu. Kisha akasema, "Mama Lugano, mkono." Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kusema nami. Niligeuka. Alikuwa ameshika nguzo ya pembeni, mkono mmoja ameuinua kwangu, na uso wake ulikuwa wazi mbele yangu, karibu kama mtu mliyekaa naye meza moja.

Mkono wangu ulinyooka, ukasimama njiani. Ukarudi. Nikavua kitenge, nikakunja ncha, nikamrushia kitenge.

Alikishika. Nilivuta. Kitenge kilikuwa kimelowa na kina utelezi wa kokoa, na mkono wake ulikuwa wa mzee. Kilimponyoka. Hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama wakati maji yanamgeuza, na aliponigeukia tena alikuwa bado ananitazama.

Watu walikuja na mtumbwi jioni wakanikuta nimekaa palepale. Yeye alionekana siku ya pili, kwenye matete, huko chini karibu na Talatala. Nilieleza kwamba maji yalimchukua. Haukuwa uongo. Nilinyamaza kuhusu kitenge.

Matanga yalipita. Nilipika, nililia pale wanawake walipolia, nilipokea wageni. Ugonjwa haukuanza siku hiyo. Ulianza baada ya kama wiki tatu, asubuhi, nikiwa nakunywa chai. Baba Lugano aliingia kutoka shambani, akavua kofia, akasema, "Kuna chai?" Nikainua macho. Alikuwa ni yule mzee.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mume wangu anafanana na baba yake. Kila mtu kijijini alijua. Nilikuwa nasikia, "Huyu kaiiba sura ya mzee," nami nacheka tu, maana sikuwa na la kulinganisha. Miaka kumi na minane nililala kando ya uso niliokuwa naukimbia mchana. Nilitapika chai yote kwenye meza.

Tangu hapo mwili ukaanza mambo yake. Baba Lugano akinitazama moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Jasho linanitoka viganjani, tumbo linaharisha. Mkono wa kulia uliuma kuanzia begani mpaka kwenye vidole, kama vile bado unavuta. Mvua ikigonga bati nakojoa, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, kisha nafua shuka kabla wanangu hawajaamka. Hedhi ilikata miezi mitatu, nikadhani nina mimba, nikapima, hamna. Nywele zilitoka kwa kitana. Sikuweza kuosha mchele kwa sababu ya ile sauti ya maji ndani ya sufuria. Na kikohozi nilikisikia kila mahali. Mtu akikohoa kanisani, mimi nageukia ukuta.

Sikutoka nje, ila hilo hakuna aliyeliona. Ndiyo hasara ya kuwa mtu wa nyumbani. Ukiugua ugonjwa wa kutotoka, watu wanasema leo Mama Lugano hajambo.

Walichokiona ni kwamba nilianza kujifunika mbele ya mume wangu. Akiingia navuta kitenge. Chakula namwekea mlangoni. Jirani yetu mmoja, mwenye mdomo usio na kizuizi, alisema kisimani, "Mama Lugano anamtila mume wake mwenyewe. Mzee amekufa, kaona asikose kazi." Wakacheka. Na mimi nilicheka, maana lilikuwa neno zuri. Nikafika nyumbani nikakaa nyuma ya mlango mpaka miguu ikafa ganzi.

Tuliombewa. Nilikunywa mizizi ambayo sitaisema kwa heshima ya aliyeichimba. Nikanunua vidonge vya usingizi dukani, nikalala, na ndani ya usingizi mzee akawa ananitazama bila mimi kuweza kuamka, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Baba Lugano hakuniuliza kitu. Alianza kukaa akinipa mgongo wakati wa kula. Tulizungumza hivyo, mimi na mgongo. Lakini nilimsikia akimwambia mdogo wangu Sekela, aliyekuja kutoka Ipinda kuniona, "Shemeji, mchukue. Nyumba hii ananiogopa mimi, na sijui nimemkosea nini."

Hilo ndilo lililonitisha kuliko mzee. Niliona kabisa kwamba nitampoteza na huyu pia, huku nikiwa nimekaa juu ya kichanja.

Sekela ana kasi, tofauti na mimi. Siku ya kwanza kwake alinipeleka kituo cha afya. Walipima malaria, taifodi, presha, sukari. Tabibu akasema, "Mama, vipimo vyote viko sawa."

Sekela akamwambia, "Basi mashine zenu ndizo zinaumwa. Mtazame huyu."

Tabibu alinitazama. Akasogeza kiti, akauliza polepole, "Mama, kuna kitu unakiona ambacho wengine hawakioni?"

Nikasema, "Mume wangu."

Sekela akaguna, "Hapo umesema kweli, hata mimi wangu simwoni tangu Jumatatu." Lakini tabibu hakucheka. Alituandikia barua ya kwenda Mbeya, kwenye hospitali moja yenye mtaalamu wa saikolojia.

Sikutaka. Mbeya nimekwenda mara tatu maishani, na mara zote nilirudi na mafua. Baba Lugano alikuja Ipinda, akasimama nje ya dirisha, akaniambia kupitia kwenye pazia, "Mama Lugano, mimi nikikaa kiti cha nyuma, utasafiri?" Nikasema nitasafiri. Tulikwenda hivyo, safari zote nane, yeye nyuma yangu. Akitaka kunipa maji ananigusa bega na chupa.

Sasa nije kwenye tiba yenyewe, maana ndiyo mnayoiulizia.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa Tanga, amejifunga mtandio, mpole, tumwite Bi Zuhura. Nilimwita dokta, akasema si dokta, nikaendelea kumwita dokta. Nilidhani atanilaza kitandani anizungushie saa mbele ya macho. Nilikuwa nimevaa nguo ya ndani mpya kwa ajili hiyo. Hakuna kitanda. Kuna viti viwili, sanduku la tishu, na ndoo ndogo ya takataka ambayo nitairudia.

Alisema, "Mama Lugano, hutalala na hutapoteza fahamu. Kumbukumbu nyingine mtu huzitafuna akazimeza. Hii yako imekwama kooni, kila ukimeza mate unaisikia. Tutairudia kidogo kidogo huku macho yako yakifuata vidole vyangu kushoto na kulia. Hata sisi wataalamu bado tunabishana kwa nini inasaidia. Lakini wengi inawasaidia. Na haifuti kitu. Utakumbuka."

Nikamuuliza, "Sasa kama nitakumbuka, nimekuja kufanya nini?"

Akasema, "Ili ukumbuke bila kutapika."

Safari mbili za kwanza hatukugusa macho kabisa. Tuliongea. Aliuliza nalalaje, nakula nini, nimewahi kutaka kujidhuru. Jibu la hilo la mwisho nilimpa yeye peke yake. Alinifundisha kupumua taratibu. Akaniambia nichague mahali ninapojisikia salama, nipaone kichwani, ili mambo yakizidi nikimbilie huko. Akasema wengine huchagua ufukweni, wengine bustanini. Nikachagua mkeka nyuma ya mlango wa sebule. Akasema, "Nyuma ya mlango?" Nikamwambia upepo unapita. Akaandika.

Pia tulikubaliana ishara. Nikiinua mkono tunasimama, bila maswali. Ukipelekwa kwenye tiba hii, hakikisha umepewa ishara ya kusimama.

Kisha akauliza, "Baba mkwe wako aliitwa nani?"

"Sijui."

"Hujui jina lake?"

"Nalijua. Ila mdomoni sina."

Akaweka kalamu chini, akasema, "Kwetu mkwe tunamwamkia shikamoo na tunamtazama. Hebu nifundishe ya kwenu." Nikamweleza kutila. Nilieleza kikohozi, visigino, mkungu wa ndizi. Nikafika kwenye kichanja, nikaeleza mpaka kwenye ukuta wa tofali, nikasimama. Hakunisukuma. Safari iliyofuata nikamaliza. Kitenge nilikisema kwa sauti ambayo nadhani hata ndoo haikusikia. Yeye alisikia. Hakusema pole sana wala hakusema si kosa lako. Alisema, "Asante kwa kuniamini." Nikatoka nje, nikampita Baba Lugano kwenye benchi nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nimemwambia mtu wa Tanga kitu ambacho mume wangu hajui.

Safari ya tatu tukaanza. Alinitaka nichague picha moja, ile mbaya kuliko zote. Uso. Maneno gani kuhusu mimi mwenyewe yanakuja na ile picha? Nikasema, "Nimemuua." Ningependa kuamini maneno gani badala yake? Hapo tulikaa sana. Yeye hakupendekeza kitu. Mwishowe nikasema, "Nilimpa nilichojua kumpa." Akauliza nayaamini kwa kiasi gani, moja mpaka saba. Moja. Na picha inakutesa kiasi gani, sifuri mpaka kumi? Nikasema kumi na mbili. Iko wapi mwilini? Mkono wa kulia na koo.

Akainua vidole viwili mbele ya uso wangu, akaanza kuvipeleka kushoto, kulia. Na macho yangu yakagoma. Yalishuka sakafuni. Mtu aliyefundishwa kuinamisha macho tangu harusi, ukimwekea mkono mbele ya uso anatazama miguu yako. Nilijaribu tena. Yalikuwa kama ng'ombe mpya kwenye plau, yanakwenda kila upande isipokuwa ule unaotakiwa. Bi Zuhura akasema tunaweza kutumia njia nyingine, anigonge taratibu viganjani, kushoto, kulia, ni dawa ile ile. Tukaanza hivyo, nimefumba macho, naye ananigonga kama anayekagua papai.

Kila mzunguko ni kama nusu dakika. Kisha anasema, "Acha. Vuta pumzi. Kuna nini sasa?" Unasema kilichokuja, hata kama ni upuuzi. Anasema, "Nenda na hicho." Basi. Hakuhubiri, hakufafanua. Mambo yalikuja kama yapendavyo. Harufu ya kokoa iliyochacha. Baridi ya magoti. Sauti ya migomba inayolala. Mara wimbo wa darasa la pili, sijui ulitafuta nini pale. Kisha maji tena. Niliinua mkono mara tatu siku ile, na mara zote tulisimama.

Baada yake nilichoka kama mtu aliyepura mpunga shamba zima. Wiki ile niliota ndoto mbaya kuliko kawaida, nililia kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, na nilikuwa na njaa. Bi Zuhura alikuwa ameniambia itakuwa hivyo, niandike kwenye daftari nisiogope. Kama asingeniambia, nisingerudi.

Safari ya nne nilifanya kosa. Nilitaka kwenda nyumbani, ndiyo tabia yangu. Aliponiuliza namba, nikasema, "Sifuri, dokta, nimepona, ndaga, asante sana." Akasema vizuri, basi mfikirie anavuka uwanja, anakohoa. Nikawahi ile ndoo ya takataka. Nilipomaliza kutapika alinipa tishu, akauliza, "Sifuri?" Nikasema, "Labda tisa." Msidanganye namba. Mwili uko palepale unasikiliza.

Siku hiyo hiyo, sijui kwa aibu au kwa uchovu, nikamwambia tujaribu tena vidole. Nikainua macho. Yakafuata. Yalitetemeka, yakaruka, yakafuata. Na mzee akaja, na safari hii sikugeukia ukuta, kwa sababu macho yalikuwa na kazi, yanakwenda kushoto na kulia, hayakuwa na nafasi ya kukimbia. Nilimwona akivuka. Nilimwona mwili wote, si uso tu. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo mpaka juu. Maji yanamfika kifuani na amefunga vifungo. Akakohoa.

Bi Zuhura akasema, "Kuna nini sasa?"

Nikasema, "Alikohoa." Nikaanza kulia kilio ambacho kwenye matanga sikukilia. "Dokta, alikuwa anazama, na alikohoa ili nisiaibike."

"Nenda na hicho."

Miezi yote ile nilikuwa nasikia kikohozi kile kama mtu anayenishitaki. Hakikuwa hivyo. Kilikuwa kile kile cha siku zote. Mzee alikuwa ananipa heshima yangu mpaka maji kifuani, na mimi nikageuka kumpa heshima yake, na wote wawili tulikuwa tunafanya kitu sahihi. Sijui nisemeje zaidi. Ningeweza kukasirika. Nilikasirika pia, kwake, kwangu, kwa waliotufundisha, mizunguko miwili mitatu mizima ya hasira. Kisha ikapita, akabaki yeye, ananitazama.

Tuliendelea mpaka safari ya nane. Namba ilishuka saba, nne, mbili. Mbili ikakataa kushuka. Bi Zuhura hakuilazimisha. Akasema, "Mtu amekufa mbele yako. Labda mbili ni yake." Mkono uliacha kuuma safari ya sita, kama vile kuna mtu aliyeachia upande wa pili. "Nilimpa nilichojua kumpa" nikaamini kwa tano. Wengine wanafika saba. Mimi natosheka na tano. Siku ya mwisho, mlango umefungwa, nilitaja jina lake kwa sauti. Hapa siliandiki.

Bi Zuhura hakunituma kumwambia mume wangu. Alisema hilo ni langu, nikiwa tayari. Nilikuwa tayari wiki iliyofuata, Jumapili mchana, nikiwa nimerudi kwetu Ndandalo. Nilikuwa nimepika wali na samaki. Baba Lugano alikaa kama tulivyozoea, mgongo kwangu, sahani mapajani. Nikauambia ule mgongo.

Nilimwambia yote. Nikamwambia, "Baba yako aliomba mkono. Nilimpa kitenge."

Akaacha kula. Mabega hayakutikisika. Kuku akaja akachukua wali pembeni mwa sahani yake, hakumfukuza. Nilijua kwamba sasa anaweza kuinuka akaondoka, na hakuna tiba ya macho itakayomrudisha.

Baadaye sana akasema, "Mimi ningempa mkono."

"Najua."

"Nisikudanganye, Mama Lugano. Ningempa mkono."

"Najua, Baba Lugano."

"Lakini mimi ni mtoto wake." Akaiweka sahani chini. "Umekaa na hili peke yako mwaka mzima na nusu?"

"Na mtu wa Tanga."

Nikasikia pumzi inamtoka puani, sijui kicheko, sijui kilio. Nikamwambia, "Geuka."

"Una uhakika?"

"Geuka kabla sijapata akili."

Akageuka. Macho yangu yakataka kwenda chini kwa mazoea yao. Nikayapeleka kushoto, kulia, mara kadhaa, kama mwehu, naye akikaa kimya kama anapigwa picha ya kitambulisho. Kisha nikayaweka pale. Ulikuwa ni uso wa mzee. Pua ile ile, paji lile lile. Nilikaa hapo nikautazama jinsi ambavyo sikuwahi kuutazama.

Wewe unayesoma hii na unasikia maji yako mwenyewe, au moto wako, au gari lako, nina maneno machache tu. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, na wakikuambia vipimo viko sawa, waambie unachokiona. Usikubali kurudishiwa kumbukumbu na mtu yeyote tu aliyejifunza juzi kuchezesha vidole. Mtafute aliyesomea, atakayekupa kwanza mahali pa kukimbilia na ishara ya kusimama. Kwa wengine zinatosha safari tatu, kwa wengine ishirini hazitoshi. Utaumia kabla ya kupata nafuu. Mzee wangu hajaondoka, na nisingependa mtu aniahidi kwamba ataondoka. Mvua ikianza namwona. Tofauti ni kwamba sasa namwona huku naendelea kuosha mchele.

Nawashukuru Sekela na mdomo wake, tabibu aliyesogeza kiti, Bi Zuhura na ndoo yake. Ndaga fijo. Na namshukuru aliyekaa kiti cha nyuma safari nane bila kuuliza.

Jumapili ile, nilipokuwa bado namtazama, niliona kitu chini ya jicho lake la kushoto. Kovu dogo, jeupe, la mviringo kama punje ya mchele. Nikanyoosha mkono nikaligusa. Mzee hakuwa nalo. Nina uhakika kuliko mtu yeyote aliye hai.

"Hili ulilipata wapi?"

"Tetekuwanga, nikiwa darasa la tatu," akasema. "Umelala nalo karibu miaka ishirini, mke wangu."

"Sikuwahi kuliona."

"Basi litazame," akasema, akasogeza uso karibu.